Mnaombandikia Shaaban Robert na Muyaka maneno yasiyo yao, acheni

Wakuu, imetosha. Zinapita kadi zenye picha ya machweo, aya ya kutia moyo katikati na jina "Shaaban Robert" chini. Kitabu hakitajwi, ukurasa hautajwi. Ukiuliza imetoka wapi, unajibiwa "mbona iko kila mahali". Kila mahali ndiko zilikonakiliana zenyewe kwa zenyewe! Ukifuata nyayo unaishia kwenye kadi nyingine isiyo na kitabu. Halafu mwanafunzi anaichukua, anaiweka kwenye insha, mwalimu anaipa vema, na uongo unapata cheti.

Na hakuna anayekagua, ilhali kukagua kunawezekana kabisa.

Anzeni na umbo. Mwana Kupona, mshairi wa Kiamu, lahaja ya Lamu, hajatuachia kitabu cha nathari. Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, naye tunamjua kwa mashairi. Kwa hiyo ukiletewa aya ya nathari, sentensi tatu za Kiswahili sanifu kuhusu "mafanikio", na chini yake jina la Muyaka, kazi imekwisha hapo hapo. Kiswahili sanifu chenyewe kilianza kusanifiwa rasmi miaka ya 1930. Muyaka alitunga kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa: mato, si macho, ndia, si njia, nti, si nchi.

Kisha hesabuni mizani, yaani silabi. Utenzi wa Mwana Kupona wa 1858 una vipande vinne kila ubeti, mizani 8 kila kipande. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kinabeba kina kinachorudi kila ubeti hadi mwisho. "Negema wangu binti": ne-ge-ma-wa-ngu-bi-n-ti, 8. "Mchachefu wa sanati": m-cha-che-fu-wa-sa-na-ti, 8. Wengi wanakosea hapa kwa sababu wanasahau kwamba m ya mchachefu na n ya binti zinahesabika peke yake, lakini mwana ni mbili tu, mwa-na. Sasa linganisheni na "Binti yangu, njoo karibu". Maana ni ile ile, lakini mizani ni 10, kina kimekwenda, na Kiamu hakisemi njoo, kinasema ndoo. Hiyo ni alama ya mtu aliyeokota tafsiri ya Kiingereza akairudisha kwenye Kiswahili, kisha akaiuza kama maneno ya mwenyewe Mwana Kupona. Tafsiri hizo zipo tangu ile ya Alice Werner ya 1917, kisha chapa yake na William Hichens ya 1934, na ndizo zinazozaa nyingi ya nukuu hizi zenye maana sahihi na maneno ya kubuni.

Ila msiwe wepesi upande wa pili pia, maana kuna kundi jingine linaloniudhi kwa kiwango kile kile: aliyejifunza kwamba utenzi una mizani 8 na sasa anakata kila kitu kwa panga hilo. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir haiko kwenye bahari hiyo, yaani aina hiyo ya utungo. "Moyo wangu nini huitabiri": mo-yo-wa-ngu-ni-ni, 6, pumzika, hu-i-ta-bi-ri, 5. Jumla 11, na ni halali tupu. Shairi la Muyaka nalo lina mizani 16 kwa mshororo, 8 upande huu na 8 upande ule, vina vya kati na vya mwisho. Jueni kwanza utungo uko bahari gani ndipo mhesabu.

Tofauti ya herufi nayo haitoshi kumwita mtu mwongo. Tungo hizi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo kwa desturi hazikutenganisha e na i, wala o na u, na mb mara nyingi iliandikwa b tu. Msomaji ndiye aliyejaza. Wanakili na wahariri pia walisanifisha hapa na pale, wakageuza moya kuwa moja. Nakala mbili zikitofautiana neno moja au mpangilio wa beti, hiyo ni hali ya kawaida ya miswada. Ubeti usiokuwamo katika nakala yoyote ndio wa kushuku.

Umbo likikubali, bado hamjathibitisha chochote. Malenga yeyote mzuri wa leo anaweza kutunga ubeti wa mizani 8 usio na doa. Umbo hukataa tu, halithibitishi. Kinachothibitisha ni kuuona utungo ndani ya kitabu. Kwa Muyaka, fungueni Diwani ya Muyaka ya Hichens ya 1940 au kitabu cha Mohamed Abdulaziz cha 1979. Kwa tendi kuna Tendi ya J.W.T. Allen ya 1971, na miswada iko Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na chuo cha SOAS, London. Tajeni namba ya ubeti, maana kurasa hubadilika kila chapa.

Shaaban Robert ndiye anayeonewa zaidi. Aliandika nathari, aliandika mashairi, alipenda adili, basi kila methali isiyo na mwenyewe anatwishwa yeye. Alifariki 1962. Aya yenye "utandawazi", au "changamoto" kwa maana hii ya vikao vya leo, haikutoka kwenye kalamu yake. Lakini msiitupe nukuu kwa sababu tu kitabu kimechapishwa baada ya 1962: Kufikirika na Utubora Mkulima vilitoka mwandishi akiwa ameshazikwa. Na "Diwani ya Shaaban" pekee si chanzo. Huo ni mfululizo wa vitabu vingi, semeni kipi.

Tazameni pia nani anazungumza. Katika Kusadikika, riwaya yake ya 1951, Majivuno ndiye mshitaki na Karama ndiye mshitakiwa anayejitetea. Mtu akikata maneno ya Majivuno na kuyatundika kama imani ya mwandishi, kila neno limo kitabuni na bado amepotosha. Someni aya iliyotangulia na inayofuata. Vivyo hivyo kwa miongozo ya mitihani: muhtasari wa mwandishi wa mwongozo unanukuliwa kama sentensi ya riwaya. Ndiko zinakotoka nyingi za hizi "nukuu" zenye sauti ya mwalimu anayeeleza maudhui.

Kutafuta mtandaoni ni sawa, ila kwa akili. Chukueni maneno manne au matano yasiyo ya kawaida kutoka katikati ya nukuu, si mwanzoni, yafungeni kwa alama za kunukuu, kisha jaribuni na tahajia nyingine. Msipopata kitu, msitangaze kuwa ni ya uongo, maana vitabu vingi vya Kiswahili havijaskaniwa. Na tafadhali msiziulize programu za akili mnemba kisha mkaleta jibu hapa kama ushahidi. Zinatunga aya, zinaipa kitabu na ukurasa, vyote kwa ujasiri ule ule. Ukurasa unaotajwa na mashine unafunguliwa kitabuni kama ukurasa mwingine wowote.

Wenye kurasa zenye wafuasi wengi, hili linawahusu ninyi kwanza. Kadi ambayo hamna kitabu chake, futeni jina la mwandishi leo. Kama mnayapenda maneno yenyewe, yaacheni bila jina, au andikeni "mtunzi hajulikani". Na atakayeleta nukuu kwenye uzi huu alete jina la kitabu, mchapishaji, mwaka wa chapa, ukurasa au namba ya ubeti, na picha ya ukurasa mzima, si mstari mmoja uliokatwa.