Ameosha viatu kwa maji ya kunywa ya watoto. Jangwa la Chalbi. Saa nane mchana.

KulalKusini (mwanzisha uzi)

Wazee, nimefika Marsabit sasa hivi, simu iko kwenye chaji, hata kuoga sijaoga. Acha niandike kabla sijalala, nikilala na hii nitapasuka.

Mnamjua yule bosi wa safari. Jina sitaji. Kila aliyewahi kupeleka vijana Chalbi amekutana naye. Kofia pana kama sinia, miwani inayofunika nusu ya uso, na ile redio ya mkononi anayoongelea na mtu aliyesimama hatua tatu mbele yake. Huyo huyo.

Tulikuwa na wanafunzi wa sekondari kutoka Nairobi, watoto wazuri kabisa, tunatembea na ngamia ukingoni mwa jangwa kutoka Maikona kwenda Kalacha. Kazi yangu ya kuongoza njia inajulikana. Saa kumi alfajiri naamsha watu. Saa nne wako chini ya turubai, saa kumi jioni tunaanza tena. Nahesabu vichwa mpaka naota navihesabu. Asubuhi nakung'uta viatu vya watoto wa watu maana nge hupenda kulala humo. Namuuliza kijana mkojo wake una rangi gani, ananiangalia kana kwamba nimemtukana mama yake. Yote ni kwa sababu ya maji. Kwa jua lile, anayetembea asipopata lita nne, tano kwa siku, ataanza kusalimiana na miti, na pale katikati hakuna mti.

Kwa hiyo mitungi ya lita ishirini ilikuwa juu ya ngamia, na kila mmoja nimeuandika kwa kalamu ya wino mzito. Huu wa kupikia. Huu wa kunywa. Huu USIGUSWE.

Akagusa huo.

Saa nane mchana, watoto wamelala, ngamia wamelala, hata nzi wamelala. Yeye anakuja na gari lake lenye baridi ndani, anashuka, anakanyaga ule ukoko wa chumvi ambao chini yake bado kuna tope la mvua, mguu unazama. Viatu vyeupe. Nani anavaa viatu vyeupe Chalbi? Akaenda moja kwa moja kwenye mtungi, akafungua, akamwaga. Si kikombe, jamani! Alimwaga mpaka Chalbi ikadhani imerudi kuwa ziwa. Kiatu cha kulia, kiatu cha kushoto, akarudia cha kulia hakikumridhisha. Watoto wameamka, wanatazama, midomo imekauka.

Nikamwambia kwa heshima zote, "Bwana mkubwa, hayo ni maji ya kunywa ya watoto."

Hakugeuka. Akasema mbele ya wanafunzi wote, "Wewe unalipwa kuonyesha njia. Hata ngamia anajua njia."

HATA NGAMIA ANAJUA NJIA.

Mimi nimekaa mtihani wa KPSGA, chama cha waongozaji watalii wa Kenya, nikapita. Najua ni wapi ukoko unabeba gari na ni wapi unalimeza mpaka milangoni. Najua mazigazi ya saa sita, yale yanayomwonyesha mtoto ziwa na mikoma juu yake mpaka anaanza kukimbia, na mimi ndiye ninayemkimbiza. Ngamia anajua kisima cha mwenyewe, basi. Ngamia atampa mtoto maji ya chumvi na sukari akiishiwa nguvu?

Na watoto wakacheka. Tangu hapo jina langu likapotea. "Ngamia, tunafika saa ngapi?" "Ngamia, nina malengelenge." Kidato cha pili hao!

Ilibidi gari liende mpaka chemchemi ya Kalacha kuleta maji mengine, na njia nzima alinung'unika kuhusu dizeli. Na viatu? Vilichafuka tena kabla hajafika mlangoni mwa gari. KABLA HAJAFIKA MLANGONI.

NyikaniKabisa

Ni yeye. Sihitaji jina. Mimi alinikuta Loiyangalani usiku, upepo unashuka kutoka mlima Kulal kama kawaida, mahema yanataka kuruka. Akaniita nifanye kitu. Upepo uleule unaozungusha mitambo 365 ya umeme kule juu, eti niupunguze, vijana hawasikii hotuba yake.

MtotoWaSololo

Lakini ngamia si kweli anajua njia? 😂😂

KulalKusini

@MtotoWaSololo umesoma yote au umesoma ngamia tu? Aliosha VIATU. Kwa maji ya KUNYWA.

MtotoWaSololo

Nimesoma yote. Bado ngamia anajua njia.

MwenyeNgamia

Kaka KulalKusini, pole, lakini na sisi wenye ngamia mtusemee. Huyo mtu wenu alinikodi ngamia wa kubeba maji. Nafika asubuhi nakuta jenereta, viti, na spika ya muziki. Ngamia wangu alilia mpaka watu wa manyatta wakatoka kuuliza nani amefariki. Malipo mpaka leo ni "kesho". Wewe umemwagiwa maji, mimi nimemwagiwa kesho.

KulalKusini

Pole mzee. Lakini hukuona vile viatu. Alikirudia kile cha kulia!

MgumuWaMachame

Wakuu, salamu kutoka Moshi. Huku Kilimanjaro wanapima mzigo wa mpagazi getini, kilo 20, safi. Geti likishapotea machoni, bosi anafungua gari la pili, "ongezea na hiki kidogo." Na safari za shule ndizo balaa. Nimebeba begi la binti mmoja mpaka kambi ya Shira, nadhani ni nguo za baridi. Kumbe pasi ya kunyooshea nywele, na vitabu vya fizikia. Umeme wa pasi angeupata wapi?

KulalKusini

Mkuu, nyinyi huko mna vijito. Mtu akiosha viatu unateka tena. Hapa alimwaga maji ambayo ngamia ameyabeba tangu Maikona!

MgumuWaMachame

Sasa mkuu unashindanisha shida? Njoo ubebe fizikia mpaka Shira halafu tuongee.

MwalimuMlezi

Niseme na mimi kama mwalimu niliyeleta wanafunzi huko. Waongozaji, mnaonewa, nakubali. Lakini tupunguzieni na nyinyi ile "hapo tu, mwalimu". Tuliambiwa kambi ni hapo tu. Tukatembea, tukatembea, nikaona mlima nikauliza ni upi, nikaambiwa ule uko karibu na Ethiopia. "Hapo tu" gani hiyo? Watoto walianza kuandika wosia nyuma ya daftari.

KulalKusini

Mwalimu, ukimwambia mtoto zimebaki saa tatu anakaa chini. Ukimwambia hapo tu, anafika. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ngamia hawezi kuifanya.

MwalimuMlezi

Mimi si mtoto. Nina goti.

NyikaniKabisa

Ngamia, hebu tuambie, viatu vilikauka? 😂

KulalKusini

Nani ameniita Ngamia?

MtotoWaSololo

Ngamia usikasirike, kunywa maji.

AbiriaWaMoyale

Nyinyi mnalia jangwani, mimi nalia kwenye lami. Basi la usiku la kutoka Moyale, dereva mnamjua, wa kaseti moja. Wimbo mmoja mpaka Isiolo. Ukimwambia apunguze anaongeza. Na anasimama hoteli moja tu, ile ya chai ya baridi, kwa sababu yeye anakula bure.

MwenyeNgamia

Ile ya chapati ngumu?

AbiriaWaMoyale

Hiyo hiyo! Nilimpa mtoto chapati akaichezea mpaka Archer's Post, haikuvunjika.

MwalimuMlezi

Huyo dereva alituacha wanafunzi wawili msalani. Tukapiga kelele, akadhani tunaimba.

KulalKusini

Jamani, turudi kwenye viatu.

AbiriaWaMoyale

Ngoja kwanza, kaka. Mwalimu, hao wawili mliwapataje?

MwalimuMlezi

Lori la mbuzi liliwaleta. Wakafika Isiolo kabla yetu.

MgumuWaMachame

Hilo lori linashuka mpaka Namanga? Nina shemeji anauliza.