Tupeane uzoefu: umehama na mtoto, mtaa wa kuishi uliuchaguaje?

Ndugu wazazi na walezi, wengi wetu tunahama kwa sababu ya barua ya uhamisho wa kazi, na barua hiyo hutaja kituo cha kazi tu. Mtaa wa kuishi tunajitafutia wenyewe, mara nyingi dalali akiwa pembeni na vyombo vikiwa bado kwenye lori. Naomba waliowahi kuhama na mtoto watueleze ni jambo gani hasa liliwafanya wachague mtaa fulani na kuuacha mwingine. Habari ya jiji lipi ni zuri kuliko lingine tuiache, kwa maana mtoto haishi katika jiji zima: anaishi kati ya nyumba, shule, duka la jirani na zahanati.

Nianze mimi. Tulitoka Dar es Salaam kwenda Dodoma baada ya Serikali kuanza kuhamishia shughuli zake huko kwa kasi kuanzia mwaka 2016, ingawa Dodoma ilikwishaamuliwa kuwa makao makuu tangu 1973. Ofisi yangu ipo Mji wa Serikali, Mtumba, kiasi cha kilomita 17 mashariki ya katikati ya jiji. Dalali alitung'ang'aniza nyumba ya Nkuhungu, nzuri na ya kodi nafuu, lakini iko upande wa pili kabisa, kwa hiyo kila asubuhi ningevuka jiji zima, na siku mtoto akiugua shuleni ingenilazimu kuvuka tena. Tukaamua kutafuta upande wa mashariki, tukapata Ilazo.

Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita nilitembea kwa miguu kutoka geti la nyumba hadi geti la shule, asubuhi ya siku ya masomo, muda ule ule ambao watoto wanakwenda. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu Jumamosi mchana, siku ambayo madalali wanapenda kuonyesha nyumba, barabara ya kwenda Morogoro inaonekana ya kawaida tu; njoo Jumanne saa moja kasoro asubuhi uone malori, mabasi na bodaboda zinavyogombea njia, huku watoto wa darasa la kwanza wameshikana mikono pembeni wakisubiri mtu mzima wa kuwavusha. Nyumba mbili tulizokuwa tumezipenda tuliziacha kwa sababu hiyo tu, na tukachukua ndogo zaidi iliyo upande mmoja wa barabara na shule.

Dodoma ina vumbi na upepo mkali wakati wa kiangazi. Mwanangu ana pumu, hivyo niliangalia kama barabara ya mtaa ina lami na kama madirisha yanafungika sawasawa, kuliko nilivyoangalia marumaru za sebuleni. Maji nayo niliyaulizia kwa jirani, si kwa mwenye nyumba: yanatoka siku zipi, yana chumvi kiasi gani, na tanki linatosha siku ngapi. Karibuni wengine.

Mama wa watoto wawili, Arusha

Nashukuru kwa kutufungulia mada hii. Sisi tulihamia Arusha mtoto wa pili akiwa na miaka mitatu, na kilichotuamulia ni maji ya kunywa. Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru, hasa upande wa Maji ya Chai na Ngurdoto, yana madini mengi ya floraidi, na wenyeji utawatambua kwa meno yenye rangi ya kahawia. Kwa mtu mzima aliyehamia, meno yake hayabadiliki rangi, kwa sababu yalikwisha kukomaa. Mwenye hatari ni mtoto mdogo, ambaye meno yake ya utu uzima yanajengeka ndani ya fizi tangu uchanga hadi karibu miaka minane. Kiwango cha floraidi kikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huathirika.

Wageni wengi wanadhani kuchemsha kunatosha. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haiondoki, na maji yakipungua sufuriani kiwango chake kinapanda. Njia inayojulikana hapa ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa, kazi ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia utafiti kwa miaka mingi. Tulipata nyumba ya kujitegemea yenye bustani ya kupendeza na kisima chake, kodi ikiwa chini kuliko ya mjini, lakini niliomba kwanza maji ya kisima yapimwe. Majibu yalipozidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, tukaaga.

Baba, Mwanza

Langu ni fupi. Nyumba za mlimani Mwanza zina mandhari ya kuvutia na upepo mzuri, ila muulize mtoto anayepanda yale mawe kila siku akiwa na begi, tena mvua ikinyesha. Sisi tuko tambarare, Buswelu. Sheria ya nyumbani kwetu ni moja: hakuna kuogelea ziwani, kwa sababu ya kichocho. Na chandarua ni kila usiku, maana ukitoka mikoa yenye malaria kidogo kama Arusha au Dodoma, mtoto wako anakuja hana kinga hata kidogo.

Mzazi, Morogoro

Mume wangu anafanya kazi Dar es Salaam, nami nipo Morogoro na watoto. Kabla ya treni ya umeme kuanza safari Juni 2024 tusingethubutu. Stesheni ipo Kihonda, nje kidogo ya mji, nasi tukapanga huko huko ili baba akishuka Ijumaa usiku asianze kutafuta usafiri mwingine. Faida niliyoipata ni usingizi wa watoto: Dar es Salaam gari la shule lilikuwa likiwapitia alfajiri kukiwa bado giza, wanamalizia usingizi garini. Hasara ni kwamba katikati ya wiki malezi yote yananiangukia mimi, kwa hiyo mwenye ndoa inayolegalega asiige.

Mwalimu wa shule ya msingi, Singida

Wazazi mnazungumzia nyumba, nami niongezee kalenda. Mwanafunzi wa darasa la nne au la saba akishasajiliwa kwa mtihani wa taifa katika shule aliyopo, kumhamisha katikati ya mwaka ni usumbufu mkubwa. Kama barua ya uhamisho inakuruhusu kuchagua mwezi, hama Desemba. Uliza pia namba ya PREM ya mtoto, yaani namba yake katika mfumo wa kitaifa wa taarifa za wanafunzi, kabla ya kuondoka, kwa kuwa taarifa zake zinahamishwa kupitia mfumo huo, na shule anayokwenda itaihitaji. Nimewahi kumpokea mtoto aliyekaa darasani muhula mzima bila jina lake kuwamo katika mfumo, kwa sababu tu shule ya zamani ilikuwa haijamruhusu kutoka na mzazi hakujua pa kufuatilia.