Naomba ushauri: kufundisha vita vya Wahehe na Wajerumani katika darasa lenye wanafunzi wanaoelewa kwa njia tofauti

Mwalimu wa Kilolo

Ndugu walimu, kamwene. Ninafundisha Historia kidato cha tatu katika shule ya kata yenye darasa la wanafunzi 68, na wiki ijayo ninaingia mada ya upinzani wa Waafrika dhidi ya ukoloni. Mwaka jana niliandika nukuu ubaoni tangu kengele hadi kengele: Lugalo, 17 Agosti 1891, Kalenga, 30 Oktoba 1894, kifo cha Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, 19 Julai 1898. Walizikariri zote, lakini nilipowauliza kwa nini Wahehe walishinda Lugalo kisha wakapoteza ngome ya Kalenga, darasa zima lilinyamaza. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye daftari lake halina hata nusu ukurasa wa nukuu, alikuwa amechora safu ya askari wakipita njia nyembamba, na vichwa vya watu vikichungulia majanini pande zote mbili. Jibu la swali langu lilikuwa pale, nami sikuliona hadi nilipokusanya madaftari. Je, andalio la somo la dakika 80 nilipange vipi ili anayeandika, anayechora, anayesema na anayeelewa kwa kutenda wote washiriki?

Mdau wa Tukuyu

Mwalimu, pole na kazi. Usiwagawe kwa aina, kwamba huyu ni wa kuona na yule ni wa kusikia, kwa sababu utafiti haujathibitisha kwamba mtoto huelewa zaidi akifundishwa kwa aina yake peke yake, na ukishampa jina hilo atalitumia kukwepa kuandika, ilhali mtihani wa taifa unaandikwa. Wape wote swali lako lilelile, kisha wote walipitie kwa njia zaidi ya moja. Toka nao uwanjani, chora njia kwa kijiti kwenye udongo, wapange 30 mmoja nyuma ya mwingine wawe safu ya Zelewski, kamanda wa Wajerumani pale Lugalo, waliobaki wachutame kando, halafu muulize wa mbele kama anamwona wa mwisho. Baadaye wakusanye ndani ya duara moja, liwe ngome ya Kalenga, uwaulize mizinga ingewalenga wapi. Nimewahi kufanya hivyo, na waliokuwa kimya darasani ndio walioeleza kwa wenzao.

Mstaafu wa Njombe

Naunga mkono, ila msisahau hati. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita, nalo lilirudi mwaka 1954, likiletwa na Gavana Twining. Kisome kwa sauti, wapige hesabu ya miaka, kisha waulizane kwa nini mkataba wa kumaliza vita kuu ulitaja fuvu la mtu mmoja. Nauli ikipatikana, makumbusho ya Kalenga hayako mbali na Iringa mjini.

Mwalimu wa Mbarali

Kwangu kuna watoto wa Kisangu, na somo likifundishwa kama sifa za upande mmoja wanajitenga. Merere, mtawala wa Wasangu, alishirikiana na Wajerumani, kwa kuwa Wahehe walikuwa wamewafukuza Wasangu kutoka Utengule. Mpe kila mwanafunzi kazi ya kumuuliza babu au bibi nyumbani alichosimuliwa, kisha masimulizi yalinganishwe darasani bila kumcheka yeyote.

Mwalimu wa Kilolo

Nawashukuru sana. La Merere sikuwa nimelifikiria kabisa, nami nitalitolea kipindi chake, baada ya masimulizi ya nyumbani kukusanywa. Kwa sasa swali litatangulia ubaoni, dakika 20 zitakuwa za uwanjani, kisha kifungu kisomwe, na mwisho kila mmoja ataandika aya moja ya jibu lake, hata kama ameanza kwa kuchora. Yule kijana nitamwomba achore njia ya Lugalo kwenye karatasi ya manila kabla hatujatoka. Mvua ikinyesha, safu nitaipanga kwa vizibo vya soda juu ya meza ya mbele.