Mbolea ya Ruzuku: Kikundi cha Wakulima, Bungoma

Mama Nekesa: Hamjambo nyote. Meseji ya mbolea haijaingia na majirani washapata. Shida ni nini?

Karani: Usiingoje tu, mama. Piga *707# kwa laini ile uliyoandikishia kwa naibu wa chifu. Vocha, yaani hiyo meseji ya kununulia mbolea, inafuata namba ya simu na kitambulisho. Laini ikiwa ya mtoto wako, meseji inamwendea yeye.

Mama Nekesa: Lo! Niliandikisha ya mwanangu Simiyu, na yeye yuko Nairobi 🤦🏾‍♀️

Karani: Basi ndiyo hiyo. Nenda kwa naibu wa chifu na kitambulisho chenyewe, si fotokopi, namba ibadilishwe. Ukiwa hapo uliza umeandikwa ekari ngapi, maana idadi ya mifuko inatoka hapo.

Kuka: Mimi wameandika ekari 1. Nalima 3. Depo hawawezi kuongeza?

Karani: Hawawezi, Kuka. Depo ya NCPB, bodi ya nafaka, inaona tu kilicho kwenye mfumo. Rekodi inarekebishwa kule kule ulikoandikishwa, na fanya hivyo kabla mvua haijaanza, foleni haijafika barabarani.

Baba Wafula: Bei ni ile ile?

Karani: Shilingi 2,500 mfuko wa kilo 50, tangu ishuke kutoka 3,500 mwaka 2023. Unalipa kwa M-Pesa, noti hazipokelewi. Acha salio kidogo la makato, watu hukwama kwa shilingi thelathini. Ukiambiwa utume kwa namba ya mtu binafsi, ondoka hapo.

Baba Wafula: Na ile mbolea ghushi iliyouzwa 2024, tutaijuaje?

Mwalimu: Angalia mshono, alama ya KEBS (shirika la viwango), na upime uzito. Watu hutia CAN, ile mbolea ya kukuzia, kwenye maji, wakiona machicha wanapiga kelele kwamba ni mchanga. Si lazima. CAN ina chokaa ndani, hiyo haiyeyuki yote. Chembe ngumu zisizobadilika hata kidogo ndizo za kutilia shaka. Hizo mpelekee afisa wa kilimo pamoja na risiti, na usitupe gunia.

Kuka: DAP, ile ya kupandia, mfuko mmoja unatosha ekari?

Mwalimu: Unatosha, ukipima. Mistari sentimita 75, shimo hadi shimo 50, mbegu mbili kila shimo. Ekari inatoa mashimo kama 10,800, kwa hiyo mfuko ni gramu 4.6 kila shimo, karibu kifuniko kimoja cha soda. Mkono mtupu humaliza mfuko nusu ya shamba. Tia mbolea, funika na udongo kidogo, ndipo mbegu. Zikigusana mbegu inaungua, halafu lawama zinaangukia kampuni ya mbegu.

Mwalimu: Halafu udongo wetu mwingi una asidi, na DAP inaongeza. Ukipima udongo ukaambiwa uweke chokaa, iweke wiki kadhaa kabla ya kupanda. Usiichanganye na mbolea ndooni, naitrojeni itapotea hewani.

Baba Wafula: CAN je?

Mwalimu: Mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na unyevu. Kando ya shina, si juu ya majani.

Kuka: Tukodi gari moja la Probox, nauli tugawane. Na mifuko ikae juu ya mbao, si sakafuni.

Mama Nekesa: Naibu wa chifu yuko kesho?

Karani: Yuko. Beba kitambulisho na laini yako mwenyewe, simu ikiwa na chaji.