Mtoto wa miaka minne kilo 22: tatizo ni simu, au hana pa kukimbia?

Mama wa Tabata: Jana kliniki nesi kampima mwanangu, kilo 22. Akasema uzito umezidi urefu wake, akauliza anashika simu muda gani. Niliona aibu kujibu. Tumepanga, uani kumejaa magari ya mwenye nyumba, nje ni bodaboda. Wadau, simu ndiyo inawanenepesha au kukosa pa kukimbia?

Babu Temeke: Simu, hakuna kingine. Sisi tulicheza kombolela mpaka magharibi, nani alikuwa na kitambi? Mama wa siku hizi mnamwachia dada wa kazi mtoto na katuni, jioni mnakuja kuuliza kilo.

Mama wa Tabata: Shikamoo babu. Natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku. Kombolela hailipi kodi. Na baba yake mbona hujamtaja?

Nesi wa Zamu: Tusigombane. Mwangalieni mtoto akilishwa mbele ya katuni: macho kwenye kioo, mdomo unafunguka wenyewe, kijiko kinaingia, wala hajui kama ameshiba. Hapo weka soda na kuchelewa kulala. WHO, Shirika la Afya Duniani, walisema kioo mwisho saa mbili kwa siku, nadhani.

Mwalimu wa Chekechea: Ni saa moja, dada, kwa wa miaka 2 hadi 4, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo wa 2019. Wachanga chini ya mwaka, wasiangalie kabisa. Ila mnasahau upande wa pili: dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku, na kwa wa miaka 3 na 4, 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia hasa. Wangu wanashuka kwenye basi wamesinzia, wanakalishwa kuandika a e i o u, na kiwanja tumeshakijengea madarasa. Hizo 180 wazitoe wapi?

Babu Temeke: Mjukuu, marahaba. Dada wa kazi nimemtaja tu, sijamtukana mtu.

Niliwahi Kulea: Umemtaja vibaya, mzee wangu. Nimefanya kazi hiyo miaka sita. Bosi akipiga simu anauliza, "Mtoto ametulia?" Hajawahi kuuliza kama amecheza. Nikimtoa nje akarudi kachubuka goti, nagombezwa mpaka usiku. Nifue, nipike, nideki, kwa elfu sitini kwa mwezi. Bila katuni ningepika saa ngapi?

Kijana wa Gongo la Mboto: Elfu sitini! Halafu akimbizane na mtoto uani?

Mama wa Tabata: Wangu nampa laki, na anakula tunachokula. Msinihukumu.

Babu Temeke: Laki, kuanzia alfajiri mpaka saa mbili usiku?

Niliwahi Kulea: Mama, sijakuhukumu. Siku ya kupumzika anayo?

Mama wa Tabata: Jumapili. Akishamaliza kufua.