Hivi bahari ina nini? Kila nikitoka likizo huko nataka kuhamia kabisa

mtu_wa_bara

Wakuu habari za muda huu. Naomba tulijadili hili maana linanisumbua kila mwaka. Hivi kwanini likizo ya baharini haifanani na likizo nyingine yoyote? Milimani nimeenda, mbugani nimeenda, miji mikubwa nayo nimeizunguka, kote kuzuri tu sibishi, ila kote huko narudi na picha na uchovu. Nikitoka baharini narudi huku natafuta mtandaoni nyumba za kupanga hukohuko. Yani nashinda nimekaa mchangani sifanyi lolote, simu ipo ndani ya begi na wala siikumbuki, mtu ambaye nyumbani dakika tano bila rimoti mkononi sikai. Usiku ndo usiseme, usingizi wa pono.

Sasa naomba kujua, kuna kitu cha kweli kwenye maji yenyewe au ni likizo tu ndo inanizuga? Na nyie mnaoishi pembeni kabisa ya maji, mapenzi yanadumu au baada ya muda mnaona kawaida? Mke wangu anasema nikihamia huko mwaka hauishi ntakuwa nalalamika. Karibuni, na wa kukejeli nao waje tu.

kichwa_ngumu

Ni likizo tu mkuu, hamna uchawi wowote. Upewe wiki mbili huna bosi huna ratiba, hata wakikufungia stoo utaipenda.

bibi_wa_historia

Kichwa ngumu kuna kitu umekisema hapo ila hujakimaliza. Wengi hawajui kwamba hii ya kupenda kwenda baharini kustarehe imeanza juzijuzi. Kwa Ulaya kwa karne nyingi ufukwe ulikuwa wa wavuvi, mabaharia na wapitisha magendo, mwenye pesa zake anakaa mbali, bahari ilikuwa ya kuogopwa, inaleta dhoruba na maadui na maiti za waliozama. Waliokuja kubadilisha upepo ni madaktari. Mwaka 1750 daktari mmoja Mwingereza, Richard Russell, akaandika kitabu kwa Kilatini kwamba maji ya bahari yanatibu magonjwa ya tezi, akawa anawaambia wagonjwa wakaoge baharini tena asubuhi kwenye baridi, na mengine wayanywe!! Akahamia Brighton, wenye pesa wakamfuata, baadae mwana wa mfalme aliyekuja kuwa George IV naye akaanza kwenda kuanzia 1783, basi ikawa fasheni. Treni ya London hadi Brighton ilipofika 1841 na watu wa kawaida wakaanza kumiminika, kwenda asubuhi jioni umerudi.

Alafu kuna hii ya likizo yenye malipo. Ufaransa mfanyakazi alipata haki ya wiki mbili za likizo huku analipwa mwaka 1936, na kiangazi kilekile fukwe zikafurika watu ambao wengi wao ndo wanaiona bahari kwa mara ya kwanza. Kwaiyo mtu wa bara, wewe ukikaa pale mchangani kuna watu kibao wamekutangulia wakakuandalia hayo mapenzi, daktari, reli, sheria za kazi. Sisemi ni ya uongo, nasema yana historia.

(Ya kunywa msijaribu jamani. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, figo haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kuzidi hiyo, matokeo yake unapoteza maji mengi kuliko uliyokunywa. Mganga wa zamani asamehewe.)

mtu_wa_bara

Duh, eti wayanywe 😂 Asante bibi, hiyo sikuwahi kuisikia. Ila bado, mbona hata mtoto mdogo asiyejua reli wala sheria ukimfikisha pale anakimbilia maji?

nusu_daktari

Hilo la mtoto ni swali zuri mkuu, ngoja nijaribu.

Kwanza kuna utafiti kabisa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walichukua takwimu za sensa ya England ya 2001, wakachapisha 2012, wakakuta wanaoishi karibu na bahari wanasema afya zao ni nzuri kidogo kuliko wa mbali, na tofauti ilionekana zaidi kwenye maeneo ya watu wa kipato cha chini. Nasisitiza KIDOGO. Na pia inawezekana wenye afya zao na visenti vyao ndo wanaohamia huko, japo watafiti walijitahidi kuchuja umri na kipato na mambo kama hayo. Kwaiyo usihame mji kwa sababu hiyo peke yake.

Cha pili ni sauti. Wimbi linapanda na kushuka taratibu, halikushtui, na limejaa sauti za kila aina kwa pamoja ndo maana linameza kelele nyingine, mlango ukibamizwa au pikipiki ikipita hata huamki. Hapo ndo penye huo usingizi wako, ukijumlisha na kushinda juani na kutembea mchangani ambako miguu inafanya kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Upepo nao hauji tu kwa bahati. Mchana nchi kavu inapata joto haraka, maji yanachelewa sana, maana kupasha maji joto kunataka nishati kama mara nne au tano ya mchanga wa uzito uleule. Hewa ya nchi kavu ikipata moto inapanda juu, ile ya baridi ya baharini inaingia kuchukua nafasi yake, ndo ule upepo unaoanza kuelekea mchana na kukolea alasiri. Usiku inageuka, unavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini. Ndo maana mchana pale ufukweni unapumua vizuri wakati watu wa kilomita chache tu ndani wanachemka.

Na ile harufu mnayoisifia "hewa safi ya bahari" haha, sehemu kubwa ni gesi yenye salfa, daimethili salfaidi, inatokana na vijimea vidogovidogo vya majini vikioza au vikiliwa. Kuna ndege wa baharini wanaifuata hiyo harufu kutafutia chakula. Kwaiyo unavuta pumzi ndefu unajisikia mzima kabisa kumbe unanusa mezani kwa ndege.

Wanaowauzia mashine za "hewa ya bahari" kwa ajili ya chumbani siwasemi, ila pesa yenu muitunze.

fundi_nondo

Sasa mmemaliza mashairi ngoja mimi nilete habari za nyumba, maana mtu anaulizia kuhamia.

Ndugu yangu mtu wa bara, adui yako huko sio mawimbi wala papa, ni chumvi. Wimbi likipasuka linarusha vitone vidogo sana hewani, maji yanakauka chumvi inabaki inaelea na upepo uleule mtamu mnaousifia ndo unakuletea mpaka sebuleni. Inakaa juu ya kila kitu. Alafu chumvi inanyonya unyevu hewani kwaiyo chuma hakikauki vizuri hata siku ambayo jua linawaka, kutu linakula saa zote. Nenda nyumba yoyote iliyotazama bahari shika bawaba ya dirisha, utakuta imevimba magamba ya kahawia, skrubu kichwa kimeisha huwezi kuifungua hata kwa bisibisi gani, grili rangi imepigwa mwaka huu ila ukiigonga kwa kucha inadondoka vipande na ndani chuma kimekuwa unga. Kitasa ukizungusha ufunguo kinalia. Kiyoyozi, kile kipande cha nje, yale mapezi membamba ya alumini ukiyagusa yanapukutika mkononi mwako. Feni, friji kwa nyuma, pikipiki, baiskeli, vyote hivyohivyo. Na TV zinakufa bila sababu ya kueleweka, ukimpelekea fundi anakufungulia anakuonesha bodi ina ukungu wa kijani.

Ila hayo ni madogo, yananunulika. Kubwa ni nondo. Chumvi inapenya kwenye zege pole pole mpaka inafika kwenye nondo, nondo ikishika kutu inavimba, ikivimba zege linapasuka kwa ndani, unaona kwanza mstari mwembamba kwenye nguzo au chini ya balkoni, watu wanapaka plasta wanapiga rangi wanapangisha. Mwaka mwingine kipande kinadondoka unaiona nondo. Kwaiyo ukienda kuangalia nyumba usiangalie mandhari, inama angalia CHINI ya balkoni na kwenye miguu ya nguzo. Ukijenga mwenyewe zege la kufunika nondo liwe nene, wa karibu na maji wanaenda hadi sentimita tano, fundi atakayekwambia mbili zinatosha muage. Na mchanga wa ufukweni usiingie kwenye zege lako hata ndoo moja, umejaa chumvi tayari, hapo unakuwa umempandisha mwizi mwenyewe ghorofani.

Vya chuma nunua stenlesi, na sio stenlesi ilimradi stenlesi, ulizia ile ya daraja la 316, ile 304 ya kawaida ikikaa kwenye upepo wa chumvi inaanza vidoadoa vya kutu. Alafu jizoeshe kuosha na maji baridi yasiyo na chumvi, madirisha, kiyoyozi, gari mpaka chini ya uvungu. Wanaoosha mara kwa mara vitu vyao vinadumu, nimeona kwa macho yangu majirani wawili wenye milango ya aina moja, mmoja anaosha mmoja haoshi, huwezi kuamini ni duka moja.

kichwa_ngumu

Fundi umeniua na mwizi wa ghorofani. Mwenye mada bado unahama?

mtu_wa_bara

Nahama kwa baiskeli ya mbao sasa 😅 Fundi, nikikaa nyuma kidogo inasaidia au ni palepale?

fundi_nondo

Inasaidia sana. Chumvi nyingi inaanguka mita mia chache za mwanzo, ukiwa na nyumba au miti mikubwa mbele yako zinakupokelea. Upepo unaupata, sauti usiku unaisikia, kutu anakula mwenzio wa mbele. Yeye alilipia mandhari.

binti_wa_maji_kupwa

Mi nimezaliwa na kukulia pembeni ya maji na bado nipo, basi nimjibu kaka kuhusu mapenzi.

Hayaishi ila yanageuka. Kuna siku nyingi tu sijaitazama kabisa hiyo bahari, nipo na mambo yangu kama mtu yeyote, foleni, kazi, watoto. Ila inakuwa ndani yako kwa namna nyingine, bila kuangalia popote unajua saa hizi maji yanajaa au yanakupwa, unajua yanachelewa kama dakika hamsini kila siku, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu unajua bamvua hilo na maji yatapanda mpaka karibu na ukuta alafu yakitoka yanatoka mbaali. Na hapo yakitoka ndo bahari yangu mimi, wageni wanakuwa wameondoka wanasema "maji hakuna", hawajui ndo muda wenyewe. Mchanga una mikunjo, kwenye vidimbwi kuna kaa wadogo wanatembea upande, konokono wanaacha mistari, ukisimama kimya unasikia mwamba wote unachichirika. Haigharimu kitu na hakuna anayekuuzia.

Ya kulalamikia yapo. Nguo hazikauki zikakauka, taulo lina ubichi wa kudumu, viatu vya ngozi ukivisahau kabatini vinaota ukungu. Msimu wa wageni barabara haipitiki, msimu ukiisha nusu ya sehemu zimefungwa na vijana hawana kazi. Na ndugu!! Ukihamia baharini utagundua una ukoo mkubwa ajabu, wote wanakukumbuka likizo zikikaribia na wote wanakuja na mchanga mpaka kitandani.

Lingine kaka, na hili nakwambia kwa uzito. Wageni wanazama mahali panapoonekana pametulia. Ukiona mawimbi yanapasuka kulia na kushoto alafu katikati kuna njia shwari, usiingie hapo, mara nyingi ndo mkondo unaorudi baharini. Ukikubeba usishindane nao kurudi moja kwa moja, unakuchosha mpaka basi. Elea, punga mkono kuomba msaada, au ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo ndo ugeuke kuja nchi kavu. Wanaoogelea vizuri ndo wanaojiamini kushindana nao.

nusu_daktari

Dada umemaliza kila kitu. Naongeza moja tu kwa anayetaka KUNUNUA sio kupanga. Usawa wa bahari duniani umepanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi inaongezeka, kati ya 2006 na 2018 ilikuwa karibu milimita 3.7 kwa mwaka. Inasikika ndogo ila haiji yenyewe, inakuja siku ya bamvua na dhoruba kwa pamoja. Waulize wazee wa hapo maji yalifika wapi siku mbaya kuliko zote, usimuulize dalali.

kichwa_ngumu

Mi nasimama palepale. Nenda kapange miezi ile mibaya, ya mvua, hamna wageni, na kazi yako uende nayo na bosi awe anakupigia simu. Ukiipenda hapo ntakuja kukuomba radhi na begi langu, binti ameshasema ndugu tunakuja.

mtu_wa_bara

Hiyo ya miezi mibaya nimeichukua mkuu, na mke ameisoma ameipitisha, sharti lake ni nyumba ya mstari wa pili. Fundi ntakutafuta inboksi, kuna moja nimeiona picha zake nzuri ila wamepiga picha za bahari tupu, nyumba yenyewe haionekani vizuri.

fundi_nondo

Waombe video ya chini ya balkoni. Wakikwambia kamera imeharibika, umeshajibiwa.