Tupeane uzoefu: marejeleo yalivyotukwamisha tulipoandaa muswada wa jarida la kisayansi

Mwanzisha mada, Kampala

Ndugu wanachama, salaam. Muswada wangu umerudishwa kwa mara ya pili, na safari zote mbili kilichonirudisha si matokeo ya utafiti bali marejeleo. Mara ya kwanza niliandika kwa mtindo wa APA, wa jina la mwandishi na mwaka, kama tulivyozoeshwa katika tasnifu, ilhali jarida lilitaka mtindo wa Vancouver, ambamo kila chanzo hupewa namba kwa kufuata mpangilio wa kutajwa kwake ndani ya makala. Nikakaa siku tatu nikibadilisha kwa mkono. Nilipomaliza, msimamizi wangu akaniomba niongeze aya moja katika utangulizi, yenye vyanzo viwili vipya. Namba 9 ikawa 11, namba 10 ikawa 12, na hivyo hivyo hadi mwisho wa orodha. Nilirekebisha maandishi yote, nikasahau jedwali la pili, ambalo lina safu yake ya vyanzo. Mhakiki aliyetafuta takwimu za malaria katika chanzo namba 23 akakuta makala ya lishe ya watoto. Aliniandikia kwa upole, lakini aliuliza swali ambalo halijanitoka kichwani: kama namba hii si sahihi, nitaziaminije nyingine?

Naomba tupeane uzoefu. Wewe ulikwama wapi, na ulijinasuaje?

Mchangiaji, Mbarara

Pole sana, ndugu yangu. Hilo la namba lingekwisha kwa kutumia programu ya kutunza marejeleo. Mimi natumia Zotero, ambayo hailipiwi na hufanya kazi hata intaneti ikikatika, kwa kuwa maktaba yote imo ndani ya kompyuta yako. Ukiingiza chanzo katikati, namba hujipanga upya zenyewe, na ukilazimika kupeleka muswada jarida jingine, unachagua tu mtindo mpya.

Hata hivyo nakusihi usiiachie kila kitu, kwa maana programu hupanga kile ulichoiwekea na haina njia ya kujua kama ni sahihi. Katika makala yangu ya kwanza nilitumia ripoti ya Uganda Bureau of Statistics, nikajaza jina la ofisi hiyo penye mwandishi bila kuona kwamba nafasi hiyo imegawanywa sehemu mbili, moja ya jina la ukoo na nyingine ya majina mengine. Programu ikadhani ni jina la mtu. Kwa kuwa mtindo wa Vancouver huweka jina la ukoo kwanza, kisha herufi za mwanzo za majina mengine, ofisi nzima ya takwimu ya taifa ilitoka ikiitwa "Statistics UB of". Tulikuwa waandishi watano, sote tukapitia orodha, hakuna aliyeliona, na makala ikachapishwa hivyo. Hadi leo nikiifungua naona aibu. Dawa yake ni ndogo: kando ya jina pana kitufe cha kuunganisha sehemu mbili kuwa moja, na ukikibonyeza jina la taasisi hubaki zima.

Mchangiaji, Gulu

Dada wa Mbarara amegusa jambo linaloniuma, nalo ni majina. Kwetu Uganda mara nyingi jina la nyumbani hutangulia na la dini hufuata, na watoto wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa. Mifumo ya majarida hudhani kwamba jina la mwisho ndilo la familia. Katika makala zangu mbili nimeorodheshwa kwa jina la nyumbani, na katika ya tatu kwa jina la ubatizo, hivyo anayetafuta kazi zangu hukuta watu wawili. Sasa nimejiandikisha ORCID, namba ya tarakimu 16 inayomtambulisha mtafiti mmoja popote atakapoandika, nami naandika jina langu kwa mpangilio ule ule kila mahali. Nikimnukuu Mganda mwenzangu, sikubali jina lililoletwa na programu mpaka nifungue ukurasa wa kwanza wa makala yake nione mwenyewe anavyojiandika.

Mkutubi, Entebbe

Wanafunzi huniletea orodha zao kabla ya kutuma, na kuna kosa moja ambalo nimelikuta zaidi ya mara moja. Virusi vya Zika vilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1947, katika msitu wa Zika ulio karibu nasi hapa, kutoka katika damu ya tumbili namba 766, mmoja wa wale waliowekwa kwenye majukwaa juu ya miti kwa uchunguzi wa homa ya manjano. Makala yenyewe, ya Dick, Kitchen na Haddow, ilitoka mwaka 1952. Wapo wanaoandika 1947 kuwa mwaka wa chapisho, kwa kuwa waliuona katika sentensi ya mtu mwingine.

Wapo pia wanaochanganya makala mbili za virusi hivyo zilizofuatana katika jarida lile lile, juzuu la 46, toleo la 5. Ya kwanza huanza ukurasa wa 509 na kueleza jinsi virusi vilivyopatikana. Ya pili, ya Dick peke yake, huanza ukurasa wa 521 na kueleza namna vinavyodhuru. Mwanafunzi mmoja alikuwa na kichwa cha makala ya pili na kurasa za ile ya kwanza. Nilipomuuliza aliisomea wapi, alikiri kwamba hakuisoma, bali aliinakili kutoka orodha ya makala nyingine, na tulipoifuatilia hiyo tukakuta kosa lile lile. Tukafungua makala ya asili, akaandika upya kwa mkono wake majina, kichwa, jarida, mwaka, juzuu, toleo na kurasa. Haikuzidi dakika kumi. Kama chanzo cha asili hakipatikani kabisa, taja kile ulichokisoma na useme kwamba ndimo ulimokuta hicho cha asili kikitajwa.

Mwanzisha mada

Asante, mwalimu. Na majina ya majarida, yafupishwe au yaandikwe kamili?

Mkutubi, Entebbe

Yategemea mtindo. APA huyaandika kamili, kwa herufi za mlalo. Vancouver hufuata vifupisho vya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, kwa hiyo African Health Sciences huwa "Afr Health Sci". Usivibuni mwenyewe, vitafute katika katalogi ya maktaba hiyo. Idadi ya waandishi nayo hutofautiana: majarida mengi ya Vancouver hutaka sita wa kwanza kisha "et al.", yaani na wenzao, ilhali APA, toleo la saba, huorodhesha hadi 20.

Mchangiaji, Jinja

Nyongeza fupi. Kabla ya kutuma, majarida mengine hutaka marejeleo yawe maandishi ya kawaida, yasiyounganishwa na programu. Tunza kwanza nakala ambayo bado imeunganishwa na programu. Mimi sikuitunza, na wahakiki walipotaka marekebisho nilianza upya vyanzo 52.

Mwanzisha mada

Nimeipitia orodha yangu jana usiku, chanzo kimoja kimoja, kila kimoja nikikifungua. Wizara ya Afya ilikuwa imeandikwa "Health M of" mara mbili. Chanzo kimoja sikukipata popote, wala sikumbuki nilikitoa wapi. Nimekiondoa, pamoja na sentensi iliyokitegemea.